Nazi niliiacha Tanga: ninavyokula Dodoma kwa mshahara mdogo

Mwezi wa tatu tangu nihamie Dodoma, usiku mmoja nilikaa kitandani nikafungua meseji za miamala kwenye simu nikaanza kujumlisha. Chai na chapati asubuhi 1,500. Wali nyama mchana kwa mama ntilie 2,500. Usiku chipsi na kipande cha kuku 3,500, kwa sababu nimerudi nimechoka. Soda au maji ya chupa 700. Kwa siku ni 8,200, kwa siku thelathini 246,000. Mshahara wangu baada ya makato ulikuwa 480,000, na ndani yake kuna kodi ya chumba, nauli na bando. Mwezi ule mama yangu kule Pangani alisubiri hela ya dawa nisiitume. Nilijumlisha tena nikidhani nimekosea. Sikuwa nimekosea.

Nawaandikia vijana wenzangu mliokuja hapa kwa kazi au kwa chuo. Tangu serikali ianze kuhamia kwa nguvu baada ya 2016 tumekuwa wengi sana, na karibu kila ninayekutana naye kule Ipagala ninakoishi katoka mkoa mwingine. Ushauri mnaopewa ni mmoja: pika nyumbani utaokoa hela. Ni kweli, lakini nusu tu. Mimi nilinunua mtungi mdogo wa gesi, sufuria mbili na mwiko, nikapika mwezi mzima, na mwisho wa mwezi nikakuta nimeokoa kama elfu thelathini na tano. Basi.

Sababu yake ni kwamba nilikuwa napika Tanga ndani ya Dodoma. Mtu wa pwani bila nazi haoni kama amekula, kwa hiyo nilinunua nazi, na hapa nazi imesafiri siku nzima kwenye lori kabla haijanifikia. Nilitafuta samaki wa baharini waliogandishwa. Wali ulikuwa kila siku. Kila kilichoingia kwenye sufuria yangu kilikuwa na nauli yake, na mlipaji wa nauli hiyo nilikuwa mimi.

Aliyenifungua macho ni mama mwenye nyumba wetu, Mgogo wa Bahi. Jioni moja alinikuta uani nimekalia mbuzi, nakuna nazi. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, akaniangalia, akasema, "Mwanangu, hiyo nazi unaitafutia nini huku? Sisi nazi yetu ni karanga." Akaingia ndani, akarudi na bakuli la karanga zilizotwangwa, akaniambia niweke kwenye maharage niliyokuwa nayo jikoni. Tangu siku hiyo mbuzi yangu ya nazi ipo chini ya kitanda.

Kwa hiyo nianze na karanga, maana ndizo zilizobadilisha matumizi yangu kuliko kitu kingine chochote. Zinalimwa humu humu mkoani, na kilo moja inanitosha karibu wiki mbili. Zikaange kidogo kwenye sufuria kavu mpaka ganda jembamba lianze kuachia, zifikiche, pepeta, kisha twanga. Kama huna kinu, karibu kila mtaa una mashine ya kusaga. Kosa nililolifanya mwanzoni ni kumwaga unga wa karanga moja kwa moja kwenye mchuzi unaochemka. Unafanya mabonge. Ukoroge kwanza na maji ya uvuguvugu kwenye bakuli mpaka uwe uji mzito, ndipo umimine, na kuanzia hapo usiondoke jikoni, kwa sababu karanga hushika chini ya sufuria na kuungua upesi. Mchicha wa karanga, maharage ya karanga, dagaa wa karanga: ladha si ya nazi, sitakudanganya, lakini chakula kinakuwa na mafuta, kizito, na unashiba mpaka kesho yake.

Hapa lazima nikuonye, na nakuomba usipite haraka. Sokoni kuna karanga za bei ya chini mno, zilizosinyaa, zenye madoa meusi au ukungu wa kijani. Usizinunue hata kama mfuko umetoboka. Mwaka 2016 watu waliugua sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yaliyoingia kuvu, na wapo waliokufa. Sumu hiyo huingia pia kwenye karanga, na kuchemsha au kukaanga hakuiondoi. Mimi humwaga karanga zangu kwenye ungo nachagua moja moja kabla ya kukaanga. Ni dakika kumi. Unga nao siununui kwa mtu asiyejua mahindi yake yalihifadhiwa vipi. Kubana matumizi kuna mpaka wake, na mpaka wangu ndio huo.

Kitu cha pili ni mlenda. Najua wengi mnaukimbia kwa sababu ya kuteleza, nami niliukimbia. Lakini fikiria hesabu yake. Mlenda mkavu uliotwangwa unauzwa kwa kikombe Soko la Majengo na hata kwa akina mama wanaopanga bidhaa chini mtaani, na kikombe kimoja nakula mara nne au tano. Hauhitaji friji wala mafuta ya kukaangia, na jikoni haukai hata robo saa. Naweka maji kikombe na nusu, nyanya moja iliyokatwakatwa na chumvi. Yakichemka vizuri, nanyunyiza vijiko viwili vya mlenda huku nakoroga, kisha uji wa karanga. Usifunike, utafurika wote kwenye jiko. Ukiupenda mkali, weka pilipili nzima bila kuipasua. Nyumba nzima ile niliyopanga, usiku wa tarehe ishirini na kitu, unasikia harufu ya mlenda kila mlango.

Mlenda unataka ugali, na ugali wa hapa wa tangu zamani ni wa uwele au mtama. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na mvua yenyewe haitabiriki. Uwele unavumilia pale ambapo mahindi yanakauka, ndiyo maana Wagogo waliushika. Ugali wake una rangi ya kijivu na uchungu wa mbali, na mara ya kwanza nilishindwa kuumaliza. Mama mwenye nyumba akanielekeza nichanganye nusu kwa nusu na dona. Hapo ukakubali. Sasa nakula hivyo mara tatu kwa wiki na ninavyoona mwenyewe sembe nyeupe hainifikishi saa nne asubuhi, wakati huu unanifikisha mchana bila kutamani andazi. Wali nimeubakiza Jumapili, na nanunua mchele wa Bahi, ambao haujasafiri mbali.

Maharage yalinisumbua kwa muda mrefu. Nyumbani Pangani yalikuwa yanaiva kwa muda ninaoujua. Huku yanakaa jikoni mpaka gesi inanung'unika. Rafiki yangu anayefundisha fizikia sekondari ndiye aliyenieleza. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100, kwenye 96 hivi. Maji yako yanatokota, lakini si ya moto kama yale ya pwani. Ongeza na kwamba maji ya visima katika mitaa mingi yana chumvi, na maji ya namna hiyo huchelewesha ngozi ya maharage kulainika. Usikimbilie magadi, yanaivisha haraka lakini yanaua vitamini na kuharibu ladha. Ninachofanya ni hiki: naloweka usiku mzima, asubuhi namwaga yale maji, nabandika kwenye maji mapya, yanachemka kwa nguvu dakika ishirini bila chumvi. Kisha naepua sufuria ikiwa imefunikwa vizuri, naizungushia blanketi zito na kuitumbukiza kwenye ndoo kubwa, nafunika, naenda zangu kanisani au kufua. Baada ya muda wa saa nne nafungua, bado yana moto, yamelainika. Nayarudisha jikoni dakika kumi na tano kumalizia na kuunga. Ile hatua ya kuchemka kwa nguvu mwanzoni usiiruke, maharage mabichi yana sumu inayoumiza tumbo na joto la blanketi peke yake haliiondoi.

Ukiwa na mita yako mwenyewe ya luku, fikiria presha kuka ya umeme. Sufuria moja ya maharage haimalizi uniti moja. Na kwa mita ya matumizi madogo, isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi, hakuna mkaa wala gesi itakayoshindana na hiyo. Lakini wengi wetu tunachangia luku nyumba nzima, uniti zinapita 75 mapema na ugomvi unaanza nani kapika nini. Kama ndivyo kwako, baki na gesi na blanketi. Mkaa niliuacha kabisa. Chumba kimoja chenye dirisha dogo, upepo wa Dodoma unakulazimisha ufunge mlango kwa ajili ya vumbi, halafu jiko la mkaa limo ndani? Moshi wake na ile hewa yake isiyo na harufu imeua watu usingizini. Hapana.

Kuhusu soko nitasema kidogo. Mitaani utauziwa kwa mafungu, na fungu ni ghali. Mara moja kwa mwezi, mshahara ukiingia, nakwenda Soko la Job Ndugai kule Nzuguni na kuchukua vitunguu, maharage na dagaa wa Mwanza kwa sado. Mafuta ya alizeti naagiza kwa mtu anayesafiri barabara ya Singida, yamepangwa kule kwenye madumu kando ya lami. Majani ndiyo nanunua kila siku mtaani, na hapo sibishani bei na mama wa mchicha. Mia yake moja si yangu.

Nyama sijaiacha. Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunakwenda mnada wa Msalato, tunakula nyama choma ya mbuzi mpaka turidhike, na siku hiyo sihesabu. Ukijinyima kila kitu mwezi mzima utavunjika wiki ya tatu, na ukivunjika unarudi kwenye chipsi kwa kasi kubwa kuliko mwanzo. Nimeliona hilo kwangu na kwa wenzangu wawili.

Nikisema "tunakwenda" nina maana ya mimi na jirani yangu wa chumba cha pili, dereva wa bajaji. Hili la kupika wawili naomba ulipe uzito. Gesi ya kupikia ugali wa mtu mmoja na wa watu wawili ni ile ile. Nyanya moja iliyobaki kwangu inaoza, kwa wawili inaliwa. Kila mmoja anatoa 2,000 kwa siku kwenye kopo lililo juu ya kabati langu, anayewahi kurudi ndiye anapika, aliyechelewa anaosha vyombo. Tuliwahi kugombana mara moja, alipoleta wageni wawili bila taarifa na chakula hakikutosha. Tukakaa, tukakubaliana kwamba mwenye mgeni anaongeza 1,500 kwa kila mgeni. Sasa ni mwaka na nusu. Kwa mwezi chakula changu, pamoja na gesi na Jumamosi ya Msalato, hakivuki 95,000. Mama yangu anapata hela yake ya dawa kila tarehe 28, na hilo linanipa usingizi.

Kipindi kigumu kilichobaki ni kiangazi. Kuanzia Agosti majani yanaadimika, na Oktoba fungu la mchicha linakuwa la kuhurumia. Mwaka wangu wa kwanza nilikula dagaa na maharage miezi miwili mfululizo kwa kuwa sikujua. Wenyeji hawashikwi hivyo. Masika, Februari na Machi, majani ya kunde yamejaa mpaka yanagawiwa bure, wao wanayachemsha kidogo, wanayachuja, wanayaanika penye upepo, na jua la hapa linayamaliza kwa siku mbili tatu. Yakisagika mkononi yanafungwa kwenye mfuko usiopitisha hewa. Ukitaka kula unayaloweka, unaunga na nyanya, kitunguu na karanga. Machi iliyopita nilianika mafurushi kumi na mawili juu ya bati la jiko la nje, nikiyafunika chandarua cha zamani kwa ajili ya vumbi na nzi. Yalinifikisha wiki ya pili ya Novemba. Machi ijayo nitaanika ishirini.