Matcha jikoni: kijani hupotelea wapi?

SWALI: Nilikanda nusu kilo ya unga wa ngano kwa maziwa ya bongo (maziwa mgando), nikatia vijiko vitatu vya chakula vya matcha, ule unga wa chai ya kijani ya Japani. Donge lilikuwa la kijani kizuri, lakini mandazi yametoka na rangi ya tope, tena machungu. Nimekosea wapi? (Msomaji, Jinja)

JIBU: Kijani cha matcha ni klorofili. Ikipata joto kali au uchachu hupoteza magnesiamu yake na kufifia kuelekea rangi ya zeituni. Mafuta ya mandazi huwa kwenye nyuzi 170 hadi 180, na ganda lenyewe sharti liwe la kahawia. Bongo nayo ina uchachu. Uchungu umetokana na kipimo: vijiko vile vitatu ni karibu gramu 18, na mandazi hayana siagi wala sukari nyingi ya kuufunika. Usijaribu kuokoa rangi kwa magadi, utakula sabuni.

Pika mandazi yako kama kawaida, matcha iingie baada ya moto. Chekecha kijiko kimoja cha chai (gramu 2) pamoja na gramu 150 za sukari ya unga na chembe ya chumvi, halafu tia maziwa kidogo kidogo, kijiko kimoja na nusu cha chakula kwa jumla, hadi uji uwe mzito wa kudondoka polepole. Chovya upande mmoja wa andazi lililopoa kabisa. Likiwa bado vuguvugu, sukari itayeyuka na kuteremka yote kwenye sahani. Kuchekecha usikuruke: matcha hushikana vidonge, na kidonge kimoja mdomoni kinatosha kumfanya mgeni aombe maji.

Visheti ndivyo vinavyoipokea vizuri zaidi, kwa maoni yetu. Kwa visheti vya nusu kilo ya unga, chemsha gramu 250 za sukari na nusu kikombe cha maji hadi shira ivute uzi kati ya vidole. Epua, mimina visheti, geuza. Shira inapoanza kuwa nyeupe, nyunyizia vijiko viwili vya chai vya matcha vilivyochekechwa na vijiko viwili vya chakula vya sukari ya unga, uendelee kugeuza hadi vikauke. Ukiwahi mno, shira ingali ya moto na rangi inafifia. Ukichelewa, unga haushiki, unabaki chini ya sufuria.

SWALI: Na biskuti? Naoka kwa sigiri, sina oveni. (Mama wawili, Bombo)

JIBU: Biskuti inawezekana, kwa sababu siagi hulainisha uchungu na moto wake ni mdogo. Unga gramu 200, siagi 120, sukari ya unga 70, matcha vijiko viwili vya chai. Sukari ya kahawia iache, inafifisha kijani. Kata unene wa nusu sentimita. Katika sufuria yenye mchanga, makaa ya juu yawe machache sana, na ufunike biskuti kwa karatasi ya kuokea. Toa kingo zinapokauka, kabla hazijawa kahawia. Zitakuwa laini, zitakakamaa zikipoa.

SWALI: Bushenyi na Kyenjojo kuna chai tele. Siwezi kusaga yangu mwenyewe? (Msomaji, Mbarara)

JIBU: Chai yetu nyingi ni nyeusi, na majani yake yameshageuka rangi kiwandani. Hata ukipata ya kijani, blenda itakupa chembe kama mchanga. Matcha ya Japani hutoka kwenye michai iliyofunikwa isipate jua kwa wiki tatu au zaidi kabla ya kuchumwa; majani hupigwa mvuke, hukaushwa bila kusokotwa, huondolewa vikonyo na mishipa, ndipo yasagwe. Jiwe la kusagia hutoa takriban gramu 40 tu kwa saa, na bei inatoka hapo. Unga wa mlonge hutoa kijani, lakini ladha ni ya mboga. Ukiuza, mwambie mnunuzi.

Dukani soma pakiti: kama sukari au maziwa ya unga vimetajwa kwanza, hicho ni kinywaji, na vipimo vyetu havitafaa. Ukishafungua, funga isipitishe hewa, weka kwenye friji, na ukiitoa uiache ifikie joto la chumba kabla ya kuifungua tena, la sivyo umande utaingia na vidonge vitaanza.