Ukitafuta ukoo wa Ayalandi, tafuta kitongoji kwanza

Mtu akikuambia nyaraka zote za Ayalandi ziliungua, usikate tamaa, maana hilo ni kweli nusu tu. Tarehe 30 Juni 1922, mwanzoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la nyaraka za serikali pale Four Courts, Dublin, lililipuka na kuteketea, na sensa za 1821 hadi 1851 zikaenda nalo, isipokuwa mabaki machache. Za 1861 na 1871 serikali yenyewe ilikuwa imeshaziharibu, na za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Lakini vitabu vya ubatizo vya Wakatoliki havikuwa mle. Vilikuwa parokiani kwao. Vizazi, ndoa na vifo vilivyoandikishwa serikalini navyo vimesalimika.

Mimi ni Mtanga niliyeolewa katika ukoo wa Waayalandi wa Boston. Kazi hii aliniachia mama mkwe, alipoona kila mgeni anayeingia kwake namuuliza kwao wapi. Na kwa kweli kazi yenyewe ni hiyohiyo: kwao wapi?

Jina la ukoo peke yake halikufikishi popote. Kina Patrick Kelly na Mary Murphy hawahesabiki. Isitoshe, majina hayakai tuli: O' ya mbele, kama ya O'Kelly, iliangushwa na vizazi vilivyopita na wajukuu wakairudisha, karani aliandika alivyosikia, na Delia wa Boston huko kwao alibatizwa Bridget. Kinachomtenganisha Kelly huyu na Kelly yule ni kitongoji. Ayalandi ina vitongoji zaidi ya 60,000, vingine vidogo vyenye nyumba chache tu, na karibu kila karatasi nzuri imepangwa kwa hivyo.

Kwa hiyo usikimbilie Ayalandi. Maliza kwanza huku waliko­hamia. Cheti cha kifo cha Marekani mara nyingi kitasema "Ayalandi" basi, lakini jiwe la kaburi, tangazo la msiba gazetini au kitabu cha ndoa cha kanisa vinaweza kutaja kaunti, hata parokia. Waangalie na mashahidi wa ndoa, maana watu wa kijiji kimoja walifuatana. Kwetu sisi jina lilipatikana nyuma ya bahasha ya barua ambayo dada aliyebaki kaunti ya Clare, Ayalandi, alimwandikia mwenzake, na wazee walikuwa wameitunza kwa sababu ya stempu.

Ukishakuwa na kitongoji, fungua sensa za 1901 na 1911 kwenye tovuti ya Nyaraka za Taifa za Ayalandi. Ni bure, na unaona picha ya fomu yenyewe. Usiishie kwenye majina. Fomu ya nyumba, aliyoijaza polisi, inaeleza kuta ni za mawe au udongo, paa ni la nyasi au la vigae, vyumba vingapi, na madirisha mangapi upande wa mbele. Ya 1911 iliwauliza wanawake walioolewa wamezaa watoto wangapi na wangapi wako hai. Bibi yetu kaandikiwa tisa, na pembeni yake sita. Nilipomsomea mama mkwe kwenye simu alinyamaza, kisha akataka nirudie, maana hao watatu hakuna aliyewahi kumtajia.

Umri, hata hivyo, usiuamini. Pensheni ya uzee ilianza kulipwa 1909 kwa waliofika miaka 70, na wengi hawakuwa na karatasi ya kuthibitisha umri. Mzee wetu alikuwa na miaka 56 mwaka 1901. Mwaka 1911 akawa na 71. Simlaumu. Ila ukitafuta ubatizo wake, panua wavu miaka kumi kila upande.

Uandikishaji wa serikali kwa watu wote ulianza 1864 (ndoa za wasio Wakatoliki zilianza 1845), na picha za vitabu ziko bure kwenye irishgenealogy.ie. Cheti cha ndoa ndicho chenye thamani kuliko vyote, kwa kuwa kinataja baba wa pande zote mbili na kazi zao. Tarehe ya kuzaliwa ikipingana na ya ubatizo, mimi nafuata ya ubatizo: waliochelewa kuandikisha walitozwa faini, na wazazi walijua kusogeza siku.

Vitabu vya parokia, hadi karibu 1880, viko kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Ayalandi. Hapo panahitaji macho na subira. Wino umefifia, na mapadre wengi waliandika Kilatini, hivyo James ni Jacobus na William ni Gulielmus. Lakini mama huandikwa kwa ukoo wa kwao, si wa mumewe, na wasimamizi wa ubatizo aghalabu ni ndugu. Nakili wasimamizi wote. Hao ndio walionionyesha kuwa familia mbili za jina moja kitongojini zilikuwa ukoo mmoja.

Kurudi nyuma zaidi, hadi enzi za njaa kuu ya viazi, kuna orodha ya Griffith, iliyotolewa kati ya 1847 na 1864 kwa ajili ya kodi. Inamtaja mwenye kukalia shamba na mwenye ardhi, basi. Mke na watoto hawamo. Faida yake ni ramani, na namba ya kiwanja. Namba hiyo ichukue uende nayo kwenye vitabu vya marekebisho vilivyofuata, ambamo jina la zamani limekatwa kwa wino wa rangi na la mrithi kuandikwa juu yake, pamoja na mwaka. Vya Ayalandi Kaskazini viko mtandaoni kwa PRONI, ofisi ya nyaraka za serikali iliyoko Belfast, kuanzia 1864 hadi 1933. Vya kusini uliza Dublin. Fuata kiwanja mpaka jina la mwisho, kisha piga simu parokiani uulize kama bado wapo. Jiandae tu: kabla hawajakujibu, watataka kujua wewe ni wa nani.