Ndege za gwaride ni zetu pia tulio nje ya uwanja

Mliuliza wiki iliyopita iwapo ndege za kivita ziendelee kupita juu ya miji katika sherehe za kitaifa. Jibu langu ni kwamba ziendelee, lakini wakazi waarifiwe mapema saa zitakapopita, hasa siku za mazoezi.

Ninaishi mtaa wa South B, Nairobi, si mbali na Uwanja wa Nyayo. Sikukuu ya Jamhuri, tarehe 12 Desemba, ikiadhimishwa hapo, gwaride na hotuba huwa tunavitazama kwenye runinga sawa na mtu aliye Lodwar. Ndege pekee ndizo zinazotufikia bila kadi ya mwaliko, na nakiri kuwa kila zinapopita mimi hutoka nje mbio kama mtoto.

Kasoro iko kwenye mazoezi. Mwaka mmoja jeti zilipita asubuhi ya siku ya kazi, chini kiasi kwamba mabati yalitetema na vikombe vikagongana kabatini. Jirani yangu, bibi wa makamo ya juu, alimkumbatia mjukuu wake akajibanza naye kando ya kitanda. Nilikaribia kucheka, kisha nikakumbuka kwamba alikuwa Nairobi tarehe 1 Agosti 1982, baadhi ya askari wa Jeshi la Wanahewa walipojaribu kuipindua serikali. Jeshi hilo lilivunjwa likaundwa upya, na jina lake la awali halikurudi hadi mwaka 1994. Kwa watu wa rika lake, mlio huo hauanzi kwa kumaanisha sherehe.

Wala sioni ugumu wa kutuarifu. Ndege inayokwenda kilomita 720 kwa saa hukata mita 200 kila sekunde, kwa hiyo rubani akichelewa sekunde kumi tu, yuko kilomita mbili nyuma ya wimbo wa taifa. Jeti za F-5 hutoka kambi ya Laikipia, Nanyuki, na ili zifike juu ya jukwaa kwa wakati ni lazima kila kitu kiwe kimepangwa kwa sekunde. Aliye na ratiba ya namna hiyo hashindwi kututajia saa kupitia redio.

Siku hizi nikisikia fununu ya mazoezi humpigia bibi simu. Hutoa kiti uani, akampakata mjukuu, wakasubiri.