Mtoto wa farasi kwa Howrse: cheki haya kabla hujamwaga equus

Madogo wa hapa Langoni, mtaa wetu Lamu, wanaocheza Howrse, ule mchezo wa mtandaoni wa kufuga farasi, wananiuliza sana, ati nitamjuaje mtoto wa farasi mzuri, manake wakiingia kwa mauzo wanaona picha ina rangi kali inang'aa basi wanamwaga equus zote, zile pesa za ndani ya mchezo. Rangi haikimbii bana.

Skili zake za leo zisikutishe. Mtoto wa miezi 4 hajacheza, hajafunzwa, lazima namba ziwe ndogo na hiyo haimaanishi ni mbovu. Unachotafuta ni genetiki yake, ule uwezo aliozaliwa nao, na usiishie kwa jumla peke yake, fungua uone imegawanyika vipi kwa zile skili 6: stamina, spidi, dresaji (miondoko ya kufunzwa), galopu (mbio za kasi), troti (mbio za pole) na kuruka. Kila aina ya farasi ina zake 3 inazozitegemea, hizo ndizo za kupigia hesabu, hizo zingine hata ziwe nzuri namna gani hazikusaidii sana kwenye mashindano. Mi nikipata watoto wawili wa aina moja, jumla zinakaribiana, namchukua yule ambaye nguvu zake zimejaa kwa zile 3, hata kama jumla yake ni ndogo kidogo.

Halafu panda kwa wazazi. Hapa ndo penye siri na ndo watu hawapaangalii. Bonyeza jina la mama, bonyeza la baba, angalia BLUP, ile namba ya kuonyesha ubora wake kama mzazi, inayoanzia -100 mpaka 100. Mzazi wa 100 ni yule amemaliza mafunzo yote, ameshinda mashindano 20 na amefika miaka 10, na mzazi kama huyo ndo anamrithisha mtoto vizuri. Ukiona mama ana BLUP ya kuvutia lakini baba yuko chini kabisa, jua anayemuuza alikuwa na haraka, na bei iteremke vilevile. Hata hapa Lamu mtu anayejua punda, wale wa kukimbizwa siku za Maulidi, hanunui mtoto kabla hajamuona mama anavyotembea na kwato zake zilivyo.

Sasa malezi. Siku moja ukimtunza na kumlaza anaongeza miezi 2, kwa hivyo mwaka wake ni siku zako 6, na miaka 10 ni siku 60 kama hutumii pointi za kumkuza haraka. Chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama tu, usijisumbue na nyasi. Akitimiza miezi 6 mtafutie kituo cha kulaza farasi chenye boksi safi, yaani chumba chake cha kulala, na akifika miezi 8 anza kumchezesha, hiyo michezo usiidharau manake inamuongezea skili mapema kabla hata hajaguswa na tandiko. Lakini kucheza kunakula nguvu na kunakula saa za siku yake, so mpige brashi kwanza, anywe maji, mpapase, ndo umchezeshe, na usimmalize nguvu zote. Chakula mpe kile kiwango kinachoandikwa hapo, si kujaza tu kwa mapenzi, akinenepa utaanza kumpunguzia na hapo unajipotezea wakati.

Afya na morali vikishuka pamoja kwa mtoto uliyemnunua juzi, kabla hujamlaumu cheki kituo alichoandikishwa, mara nyingi kasoro iko huko, kuna vituo vya bei rahisi ambavyo mwenyewe hata haingii kuviangalia.

Na kama bando lako ni la kubahatisha kama letu huku, fuga wachache. Watoto wawili unaowalaza kila siku watawapita ishirini ambao unawakumbuka wikendi. Wale genetiki yao iko chini wauze wakiwa wadogo, hapo ile rangi ndo itakusaidia, atatokea mtu tu.