Kuzuia shughuli ndogondogo zisirundikane
Umeuliza namna ya kuzuia bili, fomu na barua pepe zisirundikane kazini na nyumbani. Kwa maoni yangu, kinachochosha zaidi si wingi wake bali ni kuzibeba kichwani, kwa hiyo ziandike zote mahali pamoja, kila moja ikiwa na tarehe ya mwisho na hatua ya kwanza inayotendeka. "Kushughulikia bima" haitendeki (nimewahi kuiandika hivyo kwa miezi), ilhali "kumpigia wakala kuuliza nambari ya mkataba" inatendeka. Tenga saa 1 kila wiki kwa orodha hiyo tu. Malipo yanayojirudia, iagize benki iyalipe yenyewe, lakini taarifa ya akaunti uendelee kuisoma, kwani makato usiyoyaidhinisha huonekana humo.