Kupima Lebo za Redio Penye Mawimbi Mengi: Ushauri kutoka Maghala ya Karafuu Pemba

Fundi anayefunga mfumo wa lebo za redio (RFID), yaani vitambulisho vinavyosomwa kwa mawimbi ya redio na chombo kiitwacho kisomaji kupitia antena yake, kwa ajili ya kuhesabia mizigo huwa na pupa ya kupitisha gunia moja mbele ya antena, kuona limesomwa, kisha kukabidhi kazi. Kwa uzoefu wangu katika maghala ya karafuu hapa Pemba, jaribio la namna hiyo halithibitishi kitu, kwa kuwa hufanywa pakiwa kimya, ilhali ghala litafanya kazi likiwa na redio za mkononi za walinzi, simu za wachukuzi na kisomaji cha pili kwenye mlango wa nyuma.

Udhaifu wa lebo yenyewe ufahamike kwanza. Lebo isiyo na betri huendeshwa na nguvu inayoipata kutoka kwa kisomaji, na hujibu kwa kuakisi sehemu ndogo mno ya mawimbi yale yale, hivyo jibu lake hufika likiwa hafifu na kelele kidogo ya redio hutosha kulifunika. Tena lebo haina kichujio cha maana cha masafa. Chombo chenye nguvu kikirusha karibu yake, hata kwa masafa ya jirani, huweza kuivuruga isielewe amri ya kisomaji.

Kwa hiyo pima akiba ya nguvu iliyopo, usitosheke na kuona kwamba lebo imesomwa. Liweke gunia lenye lebo mahali pasipobadilika, zima vyombo vingine vyote, kisha punguza nguvu ya kisomaji kidogo kidogo mpaka lebo ipotee, na uandike kiwango hicho. Baada ya hapo washa chanzo kimoja tu cha mawimbi na urudie kipimo. Tofauti ya viwango hivyo viwili ndiyo hasara inayoletwa na chanzo hicho. Ukiwasha viwili kwa pamoja tangu mwanzo, hutajua kipi cha kulaumu.

Chanzo nisichokiacha kamwe ni simu ya kitochi. Simu ya GSM, yaani ya kizazi cha pili (2G), ikishika masafa ya megahezi 900 hurusha kati ya megahezi 880 na 915, na mtandao ukiwa dhaifu, kama ilivyo kawaida ndani ya ghala la bati, huongeza nguvu hadi kufikia wati 2. Kisomaji kilichopangwa kwa soko la Marekani hutumia megahezi 902 hadi 928, yaani kimekaa katika njia ya simu hizo, na chenyewe kinaweza kuusumbua mnara wa simu. Kile cha Ulaya hukaa kati ya 865 na 868. Muuzaji wa mtandaoni hatakwambia hayo. Waulize TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kabla ya kuagiza, maana mawasiliano ni jambo la Muungano na ruhusa yao inahusu visiwani pia.

Katika jaribio hilo namwomba mtunza ghala apige simu akiwa ameliegemea gunia, kisha asogee polepole kuelekea antena, nami natazama idadi ya usomaji kwa kila sekunde. Idadi ikiporomoka akiwa kando ya gunia na kupanda anapoondoka, inayovurugwa ni lebo. Ikiporomoka anapoikaribia antena, kilichozibwa masikio ni kisomaji, na hapo kubadilisha chaneli au kuigeuza antena mara nyingi husaidia. Visomaji viwili vinavyotazamana hupimwa vivyo hivyo, kimoja kikizimwa na kuwashwa.

Wengi wetu, hata hivyo, huwa wepesi wa kuyasingizia mawimbi. Maji hufyonza masafa haya, na gunia lililonyeshewa njiani huweza kutosomeka hata pasipo na simu wala redio karibu. Weka gunia kavu mahali pale pale, kwa nguvu ile ile. Likisomeka, usihangaike na chaneli. Ining'inize lebo kwenye mdomo wa gunia, ikae mbali kidogo na mzigo, kisha upime upya.