Kuishi Trogen bila Pasipoti ya Uswisi: Jibu kwa Ndugu Zangu wa Lushoto

Ndugu zangu wapendwa,

Maswali yenu yamenifikia, nami nimeona niyajibu kwa maandishi kuliko kwa ujumbe mfupi mfupi unaopotea njiani. Mjomba ameuliza kama ni kweli kwamba nimepiga kura katika nchi ambayo si yangu, wakati pasipoti yangu ni ya Tanzania. Wadogo zangu wameuliza kama Uswisi ni hiyo inayoonekana kwenye picha, na kama wanaweza kunifuata. Mjomba ni mkubwa wetu, kwa hiyo nitaanza na swali lake, ingawa nadhani atakayelisoma jibu hilo kwa makini ataliona na jibu la wadogo zangu humo humo.

Ninaishi Trogen, kijiji cha watu wapatao 1,800 katika vilima vya mashariki ya Uswisi, kwenye kimo cha mita 900 hivi, ndani ya kantoni, yaani jimbo lenye serikali yake, ya Appenzell Ausserrhoden. Reli ndogo inayopanda kutoka mji wa St. Gallen, iliyofunguliwa mwaka 1903, inaishia hapa. Mteremko, ukungu wa asubuhi na ng'ombe wanaolisha mahali ambapo mtu wa bondeni asingethubutu kusimama vingewakumbusha Usambara, isipokuwa baridi ya Januari, ambayo sina cha kuilinganisha nayo huko nyumbani.

Kijiji hiki kina katikati yake uwanja uliozungukwa na majumba ya mawe, marefu na meupe, yasiyofanana kabisa na nyumba za mbao za wakulima zilizotawanyika vilimani. Yalijengwa katika karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, na mengi yalikuwa mali ya ukoo wa Zellweger, wafanyabiashara wa vitambaa ambao biashara yao ilifika Lyon na Genoa. Wafumaji waliowatajirisha walifanya kazi katika vyumba vya chini ya nyumba zao, nusu ndani ya ardhi, kwa sababu unyevu wa humo uliuzuia uzi wa kitani usikatike. Madirisha mafupi ya vyumba hivyo yapo hadi leo, yamepangana karibu na ardhi, na mtu akishajua yalikuwa ya kazi gani huacha kuwaza kwamba utajiri wa nchi hii ulidondoka kutoka mbinguni.

Nawaeleza hayo kwa sababu mnaniambia kwamba huku watu walizaliwa matajiri. Mwaka 1816 jua halikuonekana ipasavyo, kwa kuwa volkano ya Tambora nchini Indonesia ilikuwa imelipuka mwaka uliotangulia na kuchafua anga la dunia, mavuno yakaharibika, na bei ya nafaka ikapanda kupita uwezo wa mfumaji. Vilima hivi viliathirika vibaya kuliko sehemu nyingi za Uswisi, maana watu wake walitegemea kuuza vitambaa na kununua chakula, na mwaka huo hapakuwa na wa kununua vitambaa wala chakula cha kununuliwa. Watu walikufa kwa njaa hapa ninapoishi. Baadaye, biashara ya tarizi ilipoanguka baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wengi walihama, na kantoni nzima, iliyokuwa na watu karibu 58,000 mwaka 1910, ilikuwa bado haijaifikia idadi hiyo miaka zaidi ya 100 baadaye. Wazee ninaowauguza kazini wana majina ya shangazi na babu waliokwenda Marekani wasirudi, na wanaponiuliza habari za nyumbani huuliza kama watu wanaojua maana ya mtu kuondoka.

Sasa kuhusu kura. Wakulima wa Appenzell walikuwa chini ya abate, yaani mkuu wa watawa, wa St. Gallen, wakamwasi, wakayashinda majeshi yake na washirika wake Vögelinsegg mwaka 1403, katika kijiji jirani cha Speicher, na tena Stoss mwaka 1405. Mwaka 1513 walipokelewa katika shirikisho la Uswisi wakiwa wanachama wa 13. Mwaka 1597 waligawana nchi kwa sababu ya dini bila kumwaga damu, Wakatoliki wakabaki na Innerrhoden, Waprotestanti wakachukua Ausserrhoden, na Trogen ikawa moja ya makao yake. Tangu hapo, kwa karne nyingi, wanaume wa Ausserrhoden walikusanyika kila Jumapili ya mwisho ya Aprili kuchagua viongozi na kuamua sheria kwa kunyoosha mikono, mwaka wa namba shufwa hapa Trogen kwenye uwanja ule wa majumba ya mawe, mwaka wa namba witiri kule Hundwil. Kila mmoja alikuja na upanga, na upanga huo ndio uliokuwa ushahidi kwamba mwenye nao ana haki ya kupiga kura.

Mwanamke hakuwa na upanga. Uswisi kwa ujumla iliwapa wanawake kura ya taifa tarehe 7 Februari 1971, zaidi ya miaka tisa baada ya uhuru wetu, lakini katika mambo ya kantoni wanaume wa Ausserrhoden waliendelea kukataa, mara kadhaa, mpaka tarehe 30 Aprili 1989 walipokubali huko Hundwil kwa wingi mdogo wa mikono ambao wengine waliubishia. Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya Trogen, na wanawake wakasimama uwanjani kwa mara ya kwanza. Mwaka 1994 wawili kati yao, Marianne Kleiner na Alice Scherrer, walichaguliwa kuingia katika serikali ya kantoni. Majirani zetu wa Innerrhoden walikataa mpaka Mahakama Kuu ya Shirikisho ilipowalazimisha mwaka 1990. Baadhi ya wanawake ninaowahudumia walikuwa na wajukuu kabla ya kuruhusiwa kuamua jambo lolote la kantoni yao, na ninapowasikia watu wa nyumbani wakisema kwamba Wazungu walikuwa na demokrasia tangu zamani, huwafikiria wanawake hao.

Mkutano wa uwanjani wenyewe haukudumu. Mwaka 1997 wapiga kura wa Ausserrhoden waliufuta, na sasa kila kitu huamuliwa kwa karatasi za siri. Wapo wanaousikitikia, nami nawaelewa, lakini ninavyoona mimi kura ya siri ni ngao ya mnyonge: mtu aliyepanga nyumba ya tajiri, au anayefanya kazi kwake, hanyooshi mkono kwa uhuru mbele ya macho ya tajiri huyo.

Mlango wangu mimi ulifunguliwa na katiba ya kantoni ya mwaka 1995. Kifungu kimoja chake kinaruhusu kila kijiji, kikitaka chenyewe, kumpa haki ya kupiga kura mgeni aliyekaa Uswisi miaka 10, mitano kati ya hiyo katika kantoni hii, endapo ataiomba. Kijiji cha Wald, kidogo kuliko hiki, kilikuwa cha kwanza mwaka 1999, kikafuata Speicher mwaka 2002, na Trogen mwaka 2004. Huo si utaratibu wa Uswisi yote, Mjomba. Kantoni nyingi, hasa zinazozungumza Kijerumani, hazina kitu cha namna hiyo, na hata hapa vijiji vilivyokubali ni vichache. Lakini ni kweli: niliandika ombi, likakubaliwa, na tangu hapo karatasi za kura za kijiji huletwa mlangoni kwangu. Bahasha za majirani zangu ni nene, kwa sababu mara nne kwa mwaka zinaweza kuwa na maswali ya taifa na ya kantoni pamoja na kijitabu kinachoeleza kila hoja na kutoa pia maneno ya wanaoipinga. Yangu ni nyembamba. Inahusu bajeti ya kijiji, kiwango cha kodi ya kijiji, ukarabati wa shule, uchaguzi wa viongozi wa kijiji. Ningeweza hata kugombea.

Msiidharau bahasha hiyo nyembamba. Kodi ya mapato hapa hulipwa kwa taifa, kwa kantoni na kwa kijiji, na kiwango cha kijiji hupangwa na kijiji chenyewe, kwa hiyo wakazi wakitaka barabara iondolewe theluji mapema zaidi au darasa jipya lijengwe, wao ndio watakaolipa, na wanajua ni kiasi gani. Hesabu za matumizi hutolewa kwa kila anayetaka kuzisoma. Madiwani wa hapa wana kazi zao nyingine, huyu mwalimu, yule fundi, na mikutano ya halmashauri huhudhuriwa baada ya kazi. Zimamoto ni ya wananchi wenyewe, na asiyejitolea hulipa ada badala yake. Hicho ndicho ninachokionea wivu kwa niaba yetu, ndugu zangu, kwa sababu sisi pia tuna mkutano mkuu wa kijiji kisheria, na mnajua vizuri kuliko mimi ni mara ngapi mapato na matumizi husomwa mbele ya watu yakaeleweka.

Lakini kijiji chenye nguvu kinaweza pia kuwa katili, na hili sitawaficha. Mswisi ana kijiji cha asili kinachoandikwa katika pasipoti yake mahali ambapo sisi tunaandika tulikozaliwa, na zamani kijiji hicho ndicho kilichopaswa kumlisha akiishiwa. Kwa kuwa vijiji havikutaka gharama, watoto wa maskini, yatima na waliozaliwa nje ya ndoa walichukuliwa na kupelekwa kwa wakulima wafanye kazi, wengi wakapigwa na kunyanyaswa, na jambo hilo liliendelea nchini Uswisi hadi ndani ya karne ya 20. Waziri Simonetta Sommaruga aliwaomba radhi kwa niaba ya serikali mwaka 2013, na sheria iliyofuata ikawapa waliokuwa hai faranga 25,000 kila mmoja. Na bado, ni Trogen hii hii iliyokubali mwaka 1946 kujengewa kijiji cha watoto kinachoitwa Pestalozzi, kufuatia wito wa mwanafalsafa Mswisi Walter Robert Corti, ili kupokea yatima wa vita kutoka Ufaransa, Poland, Ugiriki, Italia, hata Ujerumani iliyokuwa imeshindwa. Taasisi iliyokianzisha imesaidia pia miradi ya elimu kwetu Tanzania. Mambo hayo mawili ni ya watu wale wale na ya kizazi kile kile, nami sijaweza kuyapatanisha.

Wadogo zangu, mshahara ni mzuri, ila kodi ya nyumba na bima ya afya ya lazima hula sehemu kubwa yake. Kijerumani cha shuleni hakitoshi, kwa sababu watu hapa huongea lahaja yao. Hakuna anayekutukana, lakini hakuna anayekugongea mlango pia. Miaka inapita ndipo jirani anakwita kwa jina lako la kwanza, na kilichonipatia jina hilo ni kufika kwenye kazi za pamoja. Anayekuja bila cheti cha kazi inayohitajika na bila kibali atateseka, na nitamwambia hivyo hata kama ni mdogo wangu wa tumbo moja.

Mjomba ameuliza pia kwa nini nisichukue uraia kabisa, kwa kuwa nimeshatimiza miaka. Uraia wa huku huombwa kijijini, kwenye kantoni na kwenye shirikisho, na ningeweza kujaribu. Lakini sheria ya Tanzania bado haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na siku nitakapoapa hapa ndiyo siku nitakayokuwa mgeni Lushoto, pamoja na yote yanayofuata kuhusu shamba alilotuachia marehemu baba. Kwa sasa sitaki kuchagua. Trogen imenipa nafasi ya kuamua mambo ya mahali ninapolala na kulipa kodi bila kunitaka niwakane ninyi, na ndiyo maana kila bahasha ikija naisoma yote kabla ya kuijaza.